Jinsi ya kujua kama FLAC uliyotumiwa ni MP3 iliyogeuzwa

Watu wanatumiana FLAC (faili za muziki zisizopunguzwa ubora) za MB 30 kumbe ndani ni MP3 tu. Kwenye Linux usihangaike kutega sikio, weka sox (programu ya kushughulikia sauti) halafu andika kwenye terminal:

sox wimbo.flac -n spectrogram

Itakutolea picha inaitwa spectrogram.png kwenye folda uliyopo, angalia juu kabisa. MP3 ya 128 kbps huwa inatupa sauti nyembamba za juu kuanzia kHz 16 hivi ili faili liwe dogo, na zikishatupwa hazirudi hata uligeuze FLAC mara ngapi, kwa hiyo utaona rangi zinakatika ghafla kama zimepigwa rula halafu juu yake giza tupu. FLAC ya kweli iliyotoka kwenye CD mara nyingi rangi zinafifia taratibu mpaka 20 na kitu.

Ila usikimbilie kumwita mtu mwongo, MP3 ya 320 na Opus (aina nyingine ya faili la muziki lililobanwa) zinafika karibu kHz 20 so hapo picha haikusaidii sana, na zile taarab za zamani zilizotolewa kwenye kaseti mara nyingi huko juu hamna kitu tangu mwanzo. Ukikuta ni feki usiigeuze tena kwenda Opus, inazidi kuharibika, programu ya mpv inaipiga hivyohivyo.