Tofu ya Kuuza Malindi kwa Kuni Chache na Mtaro Usionuka

Ukitengeneza tofu (jibini ya maziwa ya soya) ya kuuza, usianze kuhangaikia vifungashio. Uharibifu mkubwa uko motoni na mtaroni.

1. Loweka. Kwa joto letu saa 6 hadi 8 zatosha, la sivyo soya huchacha. Maji yake mwagia migomba.

2. Saga, kisha chemsha kabla ya kukamua. Wengi hukamua kwanza, mazoea ya nazi hayo. Huokoa kuni kidogo, ila machicha hubaki mabichi, na soya mbichi humzuia kuku kumeng'enya protini. Utawasha moto wa pili kuyapika. Bora moto mmoja. Jaza sufuria nusu tu, maana povu hupanda ghafla. Ikitokota, hesabu dakika 10 huku ukikoroga. Tumia jiko la udongo badala ya mafiga, uwashe kwa makumbi, vifuu na matawi ya mvinje yaliyopogolewa. Kuni za mikoko zina moto mkali kweli, lakini humo mikokoni ndimo wanamokulia kamba na samaki wachanga.

3. Kamua. Kilo 1 ya soya kavu hutoa zaidi ya kilo 1 ya machicha mabichi, nayo huharibika siku hiyo hiyo. Changanya na kunde za kusaga upike bajia (mimi huziona laini kuliko za kunde tupu), au wape kuku, au yaanike juani yakiwa yametandazwa membamba.

4. Gandisha maziwa ya soya uliyokamua kwa ndimu au siki. Hapa hubaki maji ya manjano, mengi kuliko tofu yenyewe. Yana sukari na protini. Yakiingia mtaroni, vijidudu huyala na kumaliza oksijeni majini, ndipo uvundo unapoanza. Yakiwa bado moto, yaoshee sufuria: yana saponini, kitu cha asili ndani ya soya kinachofanya kazi kama sabuni, hutoa povu na kukata mafuta. Mengine yaweke kwenye chombo safi chenye kifuniko hadi kesho yachachuke, yawe kigandisho cha tofu ifuatayo. Watengenezaji wa tofu wa kisiwa cha Java, Indonesia, hufanya hivyo, na ndimu hazinunuliwi kila siku. Yakiota ukungu, mwaga. Yanayosalia yazimue kwa maji mara tatu au nne, umwagie minazi, leo shina hili kesho lile, kwa sababu yana asidi.

5. Uza. Ya siku hiyo funga kwa jani la mgomba. Ya kulala ikae ndani ya maji safi kwenye baridi, maji yabadilishwe kila siku, na mteja aje na bakuli lake.