Kabla ya Kuwasha Gari Kwenda Mombasa: Namna ya Kuamua Kama Duka la Viungo Linastahili Safari

Mwezi uliopita binti wa kaka yangu alinijia nyumbani, hapa Shela ya Malindi, baada ya swala ya magharibi, akiwa ameshika orodha ya vitu kumi na vinne na ufunguo wa gari la mumewe. Alikuwa amepata kazi yake ya kwanza ya kupika biriani ya harusi, watu 150, na mtu alikuwa amemwambia kwamba katika Mji wa Kale wa Mombasa kuna duka la viungo ambalo bei zake hazina mfano hapa kwetu. "Shangazi, kesho natoka alfajiri," akasema. Nilimwomba akae kwanza. Nimepika shughuli kwa miaka mingi, na safari hiyo ya kilomita 120 kwenda na nyingine 120 kurudi nimeifanya mara nyingi; baadhi zilinifaa, na baadhi zilikula faida yote ya kazi niliyokuwa nimelipwa. Tulichokifanya jioni ile na siku zilizofuata ndicho ninachokiandika hapa.

Hatua ya kwanza: Igawe orodha

Pitia orodha yako kitu kimoja kimoja, ukitenga vinavyopatikana hapa vikiwa vizuri, vinavyopatikana lakini hafifu, na visivyopatikana kabisa. Karafuu, mdalasini, pilipili manga na bizari nyembamba havina haja ya kusafiriwa, kwa kuwa soko la Malindi linavyo na vinauzika haraka kiasi kwamba havikai vikapoteza harufu. Jibini, pasta na mafuta ya zaituni pia vifute katika orodha ya safari, maana Waitaliano waliofanya makazi hapa kwa miongo mingi wameuacha mji wetu na maduka ya vitu hivyo ambayo miji mingi ya Pwani haina. Kati ya vitu kumi na vinne vya binti yetu, vilibaki vinne: iliki, zaafarani, lozi, na gunia la kilo 25 la mchele wa sela.

Hatua ya pili: Pima unachotumia

Usikisie. Nunua mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja, na uandike katika daftari, si katika simu, kila sufuria imekula kiasi gani.

Hatua ya tatu: Gharama halisi ya barabara

Gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita litatumia lita 20 kwa kwenda na kurudi, kwa hiyo ukikadiria shilingi 180 kwa lita unapata shilingi 3,600 za petroli peke yake. Angalia bei ya mwezi wenyewe: EPRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti bei za mafuta, huitangaza tarehe 14 na huanza kutumika tarehe 15, na kwa kawaida Mombasa huwa chini kidogo kuliko Malindi kwa sababu mafuta hushukia huko bandarini. Ongeza ada ya maegesho na chakula cha mchana. Sisi tulifika shilingi 4,400, bila kuhesabu uchakavu wa magurudumu.

Usisahau saa. Barabara ikiwa wazi, ni zaidi ya saa mbili kwenda. Lakini msongamano wa Mtwapa, kazi za upanuzi wa barabara, na foleni ya kuingilia kisiwani kwenye Daraja la Nyali vinaweza kuifanya safari ya asubuhi iwe ya mchana. Mama yangu alikuwa akinunua viungo vya mwaka mzima kwa safari moja, kwa sababu kabla ya Daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991 watu walikuwa wakivuka kwa feri, na hakuna aliyependa kuisubiri mara mbili kwa ajili ya iliki.

Kama unakwenda Mombasa kwa jambo jingine, kumpeleka mgonjwa hospitali au kumpokea mgeni, basi petroli haihesabiwi juu ya duka, na hatua hii yote unaweza kuiruka.

Hatua ya nne: Zungumza na duka kabla hujaliona

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza siku nzima, na hapa ndipo nitakapokaa kwa muda. Niliwahi kupiga simu katika duka moja na kuuliza, "Sela mnayo?" Nikajibiwa, "Ipo, karibu." Niliondoka siku ya Ijumaa, nikafika saa sita na nusu, duka limefungwa kwa ajili ya swala, likafunguliwa baada ya saa nane. Sela kweli ilikuwapo, ila ilikuwa katika pakiti za kilo moja moja, punje nyingi zimekatika, na kwa kilo ilikuwa ghali kuliko ile niliyoiacha Malindi. Muuzaji hakunidanganya, swali langu ndilo lililokuwa fupi mno.

Tangu siku hiyo nauliza mambo matano, kwa mpangilio huu huu, na siondoki hadi yote yajibiwe: ni aina gani hasa, kifurushi ni cha uzito gani, bei ni ya uzito gani, kimepakiwa lini, na siku ninayotaka kuja duka linafungwa saa ngapi. Swali la tatu ndilo linalowaponza wengi. Bado wako wafanyabiashara wanaotaja bei kwa ratili, ambayo ni kama gramu 450, na msikilizaji akidhani ni nusu kilo ataona punguzo ambalo halipo. Zaafarani nayo wengine huiuza kwa tola, takribani gramu 11.7, wakati hapa tunaizoea kwa gramu moja moja. Geuza kila bei iwe ya gramu kabla ya kuifurahia.

Kisha omba picha. Picha ya gunia haitoshi, kwa kuwa gunia ni maandishi tu. Omba picha ya punje zenyewe kwenye kiganja, kando yake sarafu ya shilingi ishirini ili uone urefu wake, na karatasi iliyoandikwa tarehe ya siku hiyo ili usitumiwe picha ya mzigo uliokwisha uzwa. Sela ni basmati iliyochemshwa ikiwa bado na ganda lake kabla ya kukobolewa, ndiyo maana punje yake nzuri huwa na rangi ya manjano hafifu na haivunjiki ndani ya sufuria kubwa. Ukiona weupe mtupu na vipande, uliza tena.

Hata hivyo picha haina harufu, na kwa viungo harufu ndiyo mali yenyewe. Kwa sababu hiyo nasisitiza jambo ambalo wengi huliona ni usumbufu: tuma pesa kwa M-Pesa, uletewe sampuli kwa matatu au basi, gramu 50 za iliki na gramu moja ya zaafarani, kabla ya kuamua lolote. Tulifanya hivyo, na sampuli ilitufikia kesho yake jioni.

Iliki tuliipasua kwa kucha, kokwa moja baada ya nyingine, juu ya sahani nyeupe. Ile ya Mombasa ganda lake lilikuwa kijani na limefunga, na mbegu zilikuwa nyeusi, zimeshikana, zikiacha unata kidogo kwenye kidole na harufu iliyobaki mkononi hata baada ya kunawa. Ile tuliyoinunua hapa ilikuwa imefifia rangi, nyingine zimefunguka mdomo, na ndani mbegu chache zilizokauka zikitikisika kama kokoto. Tukapima. Gramu 50 za hapa zilitoa gramu 29 za mbegu, na gramu 50 za kule zilitoa gramu 36. Bei ya hapa ilikuwa shilingi 250 na ya kule shilingi 240, tofauti ya shilingi kumi ambayo mtu angeipuuza. Lakini ukigawa kwa mbegu, ambazo ndizo zinazoingia kwenye chungu, hapa unalipa karibu shilingi 8.60 kwa gramu na kule karibu shilingi 6.70. Tofauti hiyo inazidi moja ya tano. Wala usidhani kwamba duka la mbali ndilo linaloshinda kila mara, kwani nimepata pia sampuli ya Mombasa iliyokuwa na maganda matupu kuliko ya muuzaji wangu wa hapa.

Zaafarani huhitaji subira. Weka nyuzi tatu katika kikombe cha maji ya uvuguvugu na uache. Ya kweli huachia rangi ya manjano taratibu na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Iliyotiwa rangi hutapika wekundu papo hapo na uzi ukapauka. Ninawashauri pia mnunue viungo vizima na mvisage wenyewe siku ya kupika, kwa sababu kiungo kilichosagwa hupoteza mafuta yake ya harufu upesi, na hakuna jaribio la nyumbani litakalokuonyesha kimechanganywa na nini.

Hatua ya tano: Toa hesabu

Tulipojumlisha akiba, iliki ilitoa kama shilingi 580, ukichukua kwamba gramu 400 za kule zinafanya kazi ya nusu kilo ya hapa. Zaafarani gramu tano ilitoa 500, sela 500, na lozi kilo mbili 400. Jumla ni shilingi 1,980 dhidi ya safari ya shilingi 4,400. Binti yetu aliitazama ile karatasi, kisha akauweka ufunguo mezani.

Kuna njia mbili za kuigeuza hesabu hiyo. Wapishi watatu wenye orodha zinazofanana wakichangia gari moja, akiba inakaribia shilingi 5,940 na safari inajilipa, mradi orodha ziwe zimeandikwa na pesa zimekusanywa kabla gari halijaondoka. Njia ya pili ni mzigo: vitu vyepesi vyenye thamani kubwa, kama iliki, zaafarani na lozi, viletwe kwa basi, na kizito chenye akiba ndogo, kama mchele, kinunuliwe hapa. Ndiyo tuliyoichagua, na mimi nikaongeza iliki yangu katika mzigo huo huo.

Jamaa zangu wa Lamu nawaambia wachague mzigo karibu kila mara. Kwao kuna mashua ya kuvuka hadi Mokowe, kisha barabara ndefu ya Witu na Garsen hata kufika Malindi tu, na wakirudi gunia linahitaji mchukuzi au punda kutoka gatini hadi mlangoni.

Hatua ya sita: Ukiamua kwenda

Nenda Jumanne au Jumatano, uondoke mara baada ya swala ya alfajiri, na uchukue vikapu vya ukili, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu mwaka 2017. Fungua na unuse kabla ya kulipa, hata kama sampuli ilikuridhisha.

Hatua ya saba: Mkirudi, au mzigo ukifika

Pima tena kila kitu siku hiyo hiyo, ili kama kimepungua umpigie muuzaji kungali mapema. Mimina viungo katika chupa za kioo zenye kifuniko cha kubana, mbali na jiko na dirisha, kwa sababu joto na unyevu wa Pwani huila harufu. Kwenye kila kifuniko binti yetu alibandika karatasi yenye tarehe, bei ya gramu, na jina la duka, na ile chupa ya iliki akaiandika pia gramu 36 kwa 50, ili safari ijayo awe na cha kulinganisha.