Oksijeni iache mwisho

Jamani mnaosoma kemia shikeni hii, ukibalansi ikwesheni ya gesi kuungua, yaani atomu za kila aina zilingane kushoto na kulia, anza na kaboni, fuata haidrojeni, oksijeni iache mwisho kabisa maana kule kushoto imekaa peke yake, ukiibadilisha haiharibu kingine. Jana usiku hapa Ngamiani, Tanga, nilikuwa jikoni na mdogo wangu wa fomu 4 tukachukua butani, C4H10, mojawapo ya gesi za kwenye mtungi. Kaboni 4 zinatoa 4CO2, haidrojeni 10 zinatoa 5H2O, oksijeni za kulia ni 8 na 5 jumla 13, kwa hiyo O2 ni 6.5, akakwama hapo akataka kufuta yote. Usifute! Zidisha kila kitu kwa 2: 2C4H10 + 13O2 → 8CO2 + 10H2O. Maswali ya gramu usiyaguse kabla ya hapo. Gramu 58 za butani zinakula gramu 208 za oksijeni, nyingi kweli. Na hayo maji, H2O ya gesi ikiungua, yapo kabisa, tuliinjika sufuria ya maji baridi, baada ya sekunde chache tukazima, akapapasa ubavuni kwa nje vidole vikalowa.