Umempata kinyonga? Wiki mbili za kwanza muache atulie (kwa sisi wa Mbeya, Iringa na baridi yetu)

Kinyonga wangu wa kwanza alikufa siku ya 9. Ilikuwa 2019, nakaa Isyesye hapa Mbeya, nikakuta watoto wamemzunguka wanamrushia mawe, nikamchukua nikaenda nae nyumbani nikamuweka kwenye ndoo ya plastiki, pembeni kisosi cha maji, na kila jirani aliyepita namtoa aje amuone. Nilikuwa nampenda kweli. Ila kinyonga hakioni kisosi kama maji, anatafuta matone kwenye majani, na kule kutolewa tolewa kila saa ndo kulimchosha mpaka akazima. Baada ya hapo nikaulizia, nikasoma, nikafuata kibali, na waliofuata wakaishi. Kwa hiyo haya naandika kwa mtu ambae kinyonga wake kaingia nyumbani leo au jana.

Kwanza hilo la kibali. Kinyonga ni mnyamapori, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inamhusu, huwezi tu kupanda msitu wa Rungwe au Udzungwa ukajichukulia. Pita kwa afisa wanyamapori wa wilaya akupe utaratibu. Na kama umemuokota tu bustanini na ni mzima hana jeraha, mpandishe kwenye kijiti umrudishe kwenye kichaka kilekile au cha jirani, hapo umemsaidia kuliko kumfuga. Nasema hivi kwa sababu huku kwetu tuna vinyonga ambao ni wa milima hii hii, yule wa pembe tatu wa Poroto na Rungwe (Trioceros fuelleborni) ukienda mikoa mingine humkuti. Hata jenasi moja (kundi la aina zinazokaribiana) ya vinyonga wa misitu ya Afrika Mashariki wanasayansi waliipa jina la Kinyongia mwaka 2006, wamechukua neno letu.

Sasa jambo la kujua mapema ni wako ni wa wapi, maana hapo ndo watu wengi wanakosea. Kuna yule wa kawaida mwenye vijigamba kama masikio nyuma ya kichwa, kijani, yupo Usangu, Iringa bondeni, karibu nchi nzima. Huyo anapenda jua, mchana nyuzi 25 mpaka 30 kwake ni sawa. Halafu kuna wa milimani, wenye pembe au wadogo wadogo wa msituni, hawa wamezoea ukungu na baridi ya usiku, ukimuwekea taa ya joto siku nzima au ukamsafirisha kwenda Dar anahema mdomo wazi na anaweza kufa kwa joto ambalo wewe unaliona la kawaida. Wa milimani mchana 20 mpaka 25 inatosha kabisa, usiku ukishuka mpaka 12 hana shida.

Nyumba yake. Achana na ndoo, achana na boksi la kioo, kioo kinabana hewa na anajiona sura yake humo anadhani ni kinyonga mwingine kaja kumpiga. Mwambie fundi seremala akutengenezee fremu ya mbao, futi 2 kwa 2 na urefu wa kwenda juu futi 4, uzungushie wavu laini wa dirishani, halafu uiweke juu ya stendi. Kwenda juu ndo muhimu, kinyonga akikaa juu kuliko kichwa chako anajiona salama, ukimuweka sakafuni kila anaepita ni adui anaetokea juu yake. Ndani jaza matawi ya mpera ya unene tofauti ambayo miguu yake inaweza kuyakamata, na mmea mmoja au miwili hai kwenye chungu wenye majani mengi ajifiche. Hibiskasi ni mzuri. Usitumie minyaa, ule utomvu wake mweupe unaunguza macho. Na miguu ya hiyo stendi iweke kwenye makopo yenye oili chafu, siafu wakiingia usiku hana pa kukimbilia. Kila kinyonga na nyumba yake, wawili wasionane hata kwa mbali.

Siku ya kwanza unamuingiza anapanda mwenyewe, usimvute, akishika kitu miguu yake ina nguvu na ukivuta unaweza kumuumiza kucha au kiungo. Weka kidole au kijiti mbele ya kifua chake, sukuma kidogo kwa upole, atapanda. Halafu funga mlango, tundika kanga pande mbili za fremu asione watu, na uondoke. Kwa wiki 2 hakuna kumshika, hakuna wageni, hakuna picha ya usoni kwa usoni. Najua ni ngumu kwa sababu umempata na unatamani kumuangalia, basi muangalie ukiwa umekaa mbali mlangoni.

Maji ndo kila kitu, kinyonga mpya mara nyingi anakuja akiwa amekaukiwa. Mimi natumia chupa ya kunyunyizia ile ya saluni, mpya, haijawahi kutiwa dawa ya nywele, nanyunyiza majani dakika 2 au 3 polepole mpaka matone yanang'inia, asubuhi jua likishatoka na tena mchana. Mwingine anaanza kunywa ukishapita dakika ya pili, kwa hiyo usinyunyize mara moja ukaondoka ukasema hataki. Pia nunua mpira wa dripu duka la dawa, unganisha na chupa ya maji juu ya fremu, ule mrija unaurekebisha tone moja moja lidondokee jani, chini weka kopo lipokee. Hii inafaa sana kwa wale wanaoogopa watu maana wanakunywa ukiwa haupo.

Hapa kuna kitu cha huku kwetu ambacho maelekezo ya watu wa nje hayakwambii. Juni mpaka Agosti Mbeya, Njombe, Mufindi usiku ni baridi kali, na hewa ni kavu na upepo, unaona midomo yetu inavyopasuka. Kwa hiyo kinyonga anahitaji maji zaidi, lakini ukimlowesha jioni akalala ameloa kwenye baridi ile ndo unampa nimonia. Mwisho wa kunyunyiza uwe saa 9 alasiri, ifike jioni majani yamekauka. Usiku funika fremu na blanketi pande tatu, acha moja ipitishe hewa. Na tafadhali sana usiingize jiko la mkaa chumba alicholala ili apate joto, ule moshi na ile hewa ya mkaa inaua watu, sembuse yeye mwenye mapafu madogo vile. Dawa ya mbu ya kuchoma au ya kupuliza nayo isifike chumba chake.

Jua. Anahitaji miale ya jua kutengeneza vitamini D, bila hiyo hata ale vipi mifupa inalainika. Jua likipita kwenye kioo cha dirisha miale hiyo karibu yote inabaki nje, kwa hiyo kumuweka dirishani hakusaidii. Taa maalum ni shida kuipata huku, ila jua tunalo bure. Toa fremu nje asubuhi, saa 3 mpaka saa 5, nusu yake iwe kwenye kivuli achague mwenyewe, na usiondoke, paka na kuku wapo.

Chakula usikilazimishe. Mgeni anaweza asile siku 3, 4, hata wiki, akiwa anakunywa na macho yamejaa usiogope. Panzi, nyenje, nzi, mende wadogo, kumbikumbi mvua za kwanza zikianza. Mdudu asizidi upana wa kichwa chake. Mkubwa mpe wadudu 4 au 5 siku moja, siku inayofuata pumzika, mdogo ale kila siku. Ila wadudu unawatoa wapi? Sisi tumezungukwa na viazi Uyole, nyanya Ilula, na mashamba haya yanapigwa dawa mara nyingi, panzi wa pale ana sumu tumboni na ukimlisha ni kama umempa yeye ile dawa. Kamata mbali na mashamba, au fuga nyenje mwenyewe kwenye ndoo yenye trei za mayai, walishe karoti, boga, majani ya viazi vitamu siku nzima kabla hujawatoa. Halafu saga maganda ya mayai yaliyochemshwa na kukaushwa, yawe unga kama poda, wadudu watikise humo ndo uwape. Nyenje ambao hawajaliwa watoe jioni, usiku wanamng'ata akiwa amelala.

Rangi isikutishe. Habadiliki ili afanane na kitambaa ulichomuwekea, ni hali yake ya mwili na moyo. Asubuhi anakuwa mweusi upande wa jua, anavuta joto, sawa. Usiku anapauka, amelala. Akiwa mweusi mchana kutwa na anatoa sauti kama shhh ameogopa au anaumwa.

Ya kukimbilia kwa daktari wa mifugo ni haya: macho yamezama ndani, hii ni kiu, ongeza maji siku hiyohiyo. Macho kufumba mchana, hii ni mbaya, kinyonga mzima mchana hafumbi. Mdomo wazi muda wote au mapovu puani, kifua hicho. Miguu kupinda au kutetemeka akitembea, au ulimi unatoka haurudi vizuri, ni mifupa na kalsiamu. Kinyesi chake kina sehemu nyeupe, ikigeuka rangi ya chungwa iliyokolea anakosa maji. Wa porini wengi wana minyoo, lakini usimpimie dawa ya kuku kwa macho, chukua kinyesi kibichi kwenye kikopo safi kipimwe kwanza. Daktari wetu wengi wamezoea ng'ombe na kuku kwa hiyo mwambie uzito wake kwa gramu, ule mzani mdogo wa jikoni unatosha, mpandishe na kijiti chake halafu toa uzito wa kijiti.

Kama ni jike ameanza kutembea chini na kuchimba chimba kwenye chungu, yule wa kawaida anatafuta pa kutagia. Muwekee ndoo yenye udongo na mchanga wenye unyevu, kina sentimita 25 hivi, na usimchungulie, akikosa pa kutagia mayai yanaweza kumuua. Baadhi ya wale wa milimani, kama yule wa pembe tatu, hawatagi, wanazaa watoto hai, asubuhi unakuta vijitu vidogo vimesambaa kwenye matawi, watoe uwaweke kwenye nyumba yao.

Majirani watasema ni mkosi, wengine watataka kumtia tumbaku mdomoni. Mimi mama mwenye nyumba alinipa notisi ya mdomo kwa ajili hiyo, nikamwambia mama shikamoo, njoo ukae hapa tuangalie anavyokula, hana sumu. Alikaa mbali kwenye kigoda, wiki ya tatu ikiwa imeisha na yule kinyonga keshazoea, ulimi ukatoka ukachukua panzi. Siku hizi ndo ananiletea panzi wa kwenye majani ya nyuma ya nyumba, ambako hapapigwi dawa.