Deni si dini: namna ya kuandaa somo la ngumbaru hapa Lamu

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha watu wazima nilifuata nilichojua: a, e, i, o, u ubaoni, darasa likifuatisha kwa sauti. Wiki ya tatu, kati ya watu kumi na tisa walibaki wanne. Mama mmoja nilikutana naye mtaa wa Langoni nikamuuliza mbona haji. "Mwalimu," akasema, "hayo nyumbani kwangu huimba wajukuu." Tangu siku hiyo naandaa somo hivi.

Hatua ya 1: Uliza walichoshindwa kusoma juzi

Usiulize "kwa nini unataka kusoma?" Utajibiwa "nipate elimu", jibu la adabu lisilokusaidia kitu. Uliza: mara ya mwisho ulipompa mtu akusomee kitu, kilikuwa kitu gani? Hapo ndipo vinatoka: ujumbe wa M-Pesa, kadi ya kliniki ya mtoto, fomu ya basari, daftari la madeni. Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, alitaka aisome Biblia kwa macho yake mwenyewe. Kila mtu ana chake. Kiandike mbele ya jina lake, na orodha hiyo ndiyo silabasi yako ya muhula wa kwanza.

Hatua ya 2: Jua anachokuja nacho

Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Fomu ya usajili inasema "hajui kusoma", kumbe bibi huyo amehitimu msahafu tangu usichana wake na Yasini anaisoma bila kubabaika. Anajua kwamba alama hubeba sauti, na anajua kukaa na ukurasa mpaka umkubali. Kilichobaki ni kumhamisha kutoka hati moja kwenda nyingine, na safari hiyo ina mitego mitatu.

Wa kwanza ni irabu. Kwenye msahafu ziko tatu: fataha, kasra na dhuma. Kiswahili kina tano. Aliyezoea kasra huiona e na i kama kitu kimoja, na o na u vilevile kwa dhuma. Muuza mahamri mmoja aliandika ubaoni "dini 200" akimaanisha deni. Darasa likacheka, na yeye akawashinda wote: "Basi dini yangu mimi ni shilingi mia mbili!" Kosa lile lilinipa somo la wiki nzima: deni na dini, toa na tua, shoka na shuka, mboga na mbuga. Fundisha kwa jozi namna hii, si kwa kuimba irabu.

Wa pili ni mwelekeo: mkono unaanzia kulia. Weka nukta nyekundu upande wa kushoto wa kila mstari kwa wiki mbili hivi, kisha ifute.

Wa tatu wengi hawaujui. Katika tarakimu za Kiarabu, tano ni kiduara na sifuri ni nukta. Kwa hiyo mtu anaweza kuiona 0 kwenye bei akaisoma tano, na si kwamba hajui hesabu. Kichwani anakupiga chenga kwa chenji kabla hujatoa simu.

Akiandika "mtele" badala ya mchele, mwache. Ameandika anachosema, na ndiyo kazi tuliyomwitia. Mimi huandika maneno yote mawili bega kwa bega na kueleza kwamba lile la pili ndilo atakalolikuta kwenye gunia.

Hatua ya 3: Lengo moja, tena la kuonekana

"Mwanafunzi ataielewa herufi D" si lengo, kwa sababu huwezi kuliona likitimia. Andika: "Mwisho wa kipindi ataandika katika mstari mmoja jina la mdaiwa, alichochukua na pesa." Ukijikuta umeandika "na" mara mbili, gawa somo.

Hatua ya 4: Gawa dakika 90

Chukua lile somo la daftari. Dakika 15 za kwanza ni mazungumzo matupu: nani amewahi kudaiwa akakana? Usiyakate mapema, maana maneno utakayoandika ubaoni yatatoka humo. Kisha andika neno moja, deni. Wapige makofi ya silabi, de-ni, na wabadilishe irabu: da, de, di, do, du. Dakika 20 zinatosha. Nusu saa inayofuata kila mtu achore safu tatu kwenye daftari lake mwenyewe, kwa wateja wake mwenyewe, nawe uzunguke ukiwa umeketi. Mwalimu kijana akisimama juu ya kichwa cha mtu wa makamo, mkono wa yule mtu hukauka. Zilizobaki wabadilishane madaftari na jirani asome. Anayetaka kusoma mbele ya wote asome, lakini usimwite mtu mzima ubaoni kabla hajajitolea.

Hatua ya 5: Tazama mwezi na upepo

Siku za bamvua, maji yakitoka mbali, wanaotafuta pweza hawaji. Bahari ikichafuka msimu wa kusi, wavuvi huwa na nafasi, na darasa la wanaume hujaa. Weka masomo mapya katika siku ambazo watu wapo, ya marudio katika siku za upungufu. Darasa la akina mama mimi huliweka saa nane, liishe kabla ya alasiri. Ramadhani punguza kipindi kiwe nusu.

Hatua ya 6: Kagua kwa kazi yenyewe

Mtihani weka kando kwanza. Mwambie akuletee kitu alichokiandika nje ya darasa. Yule mama wa mahamri aliniletea daftari baada ya majuma sita. Safu tatu, zimenyooka. Mstari wa nne kutoka juu, kwa mwandiko wa kukandamiza: "mwalimu, mahamri 6, deni 60."

Nilikuwa nimesahau kabisa.