Jinsi ya kuvunja namba kubwa mpaka zibaki tasa tupu, kwa kutumia Kilimanjaro na Meru

Aisee juzi niko kwenye kosta natoka Moshi naenda Arusha, gari haisogei, nikachukua urefu wa Kilimanjaro 5,895 nikaubandikia wa Meru 4,566 (vile tulivyokariri shule) ikaja 58,954,566. Sasa hii imetengenezwa na tasa zipi (yani namba zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu)?

Anza na zile za bure, zisizohitaji kalkuleta. Inaishia na 6 kwahiyo ni shufwa, gawa kwa 2, unapata 29,477,283. Jumlisha tarakimu zake zinakuja 42, na 42 inagawanyika kwa 3 basi na yenyewe inagawanyika, unabaki na 9,825,761. Jumlisha tena, 38, haiingii. 5 sahau. 7 ukigawa inabaki 1, yani imekosa kidogo tu inauma.

11 ndo tamu. Anzia kulia, toa, jumlisha, toa, jumlisha hivyo hivyo: 1−6+7−5+2−8+9 = 0. Ikija 0 au kigawe chochote cha 11 umepata. Tuko 893,251.

Hapo ujanja umeisha, shika kalkuleta ya simu ujaribu tasa moja moja, ikileta nukta ruka. 13, 17, 19 zote nukta, 23 ikakubali: 38,837.

Nilipokosea mimi ni hapa, mwanzoni nilipiga kipeuo cha pili cha namba nzima, 7,678 na kitu, nikajua ntajaribu tasa zote mpaka huko, si ntazeeka kwenye kosta! Kumbe kila ukigawa unapiga kipeuo upya cha kilichobaki. Cha 38,837 ni 197 na kitu tu, ukifika hapo hujapata basi yenyewe ni tasa, maana namba mbili zote zikizidi kipeuo ukizizidisha lazima zipitilize. Nikatembea 29, 31, 37, mpaka 71 ikakubali, 547. Hii wala usihangaike nayo, kipeuo chake ni 23 na kitu, na hizo ndogo tulishazikataa njiani, zilizokubali (2, 3, 11, 23) ukizirudia kwenye 547 hazikubali tena.

Kwahiyo: 2 × 3 × 11 × 23 × 71 × 547. Zizidishe zirudi, usiniamini. Hamna iliyojirudia, so kuhesabu vigawo ni rahisi, kila tasa iingie au ikae nje, 2 mara yenyewe mara sita, 64.

Dogo wa siti ya pembeni alikua anachungulia muda wote, akauliza je Meru ikitangulia? 45,665,895. Nikamwambia 3 na 11 hazitoki bro, 10,000 ukiigawa kwa yoyote kati ya hizo inabaki 1, so mlima upi unaanza haijalishi, kinachoangaliwa ni 5,895 + 4,566 = 10,461, na hiyo zote zinaingia. Nikatoa 5, nikatoa 3, nikatoa 11, nimefika 276,763, 7 imekataa, 13 imekataa, konda anaita stendi.