SOMO: Mashine ya kwanza ya mtoto ya kupandia nje ya barabara (soma lote ndio uulize)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naandika hapa mara moja ili nisiwe najibu jambo hili kila Ijumaa. Swali ni lile lile: "Mwanangu ana miaka fulani, nataka tuwe tunatoka pamoja, nimnunulie nini?" Chini yake picha ya kitu chekundu kilichoshuka kwenye kontena, bei imeshakubaliwa, na muulizaji anangoja tu nimwambie sawa.

Mimi si muuzaji. Nina watoto wanaoendesha, na za wenzangu nazitengeneza hapa nyumbani Kisauni, Mombasa. Nyingi zinazoletwa kwangu "zina tatizo" hazijaharibika chochote. Zilinunuliwa kubwa, basi.

Hatua ya 1: Baisikeli kwanza. Kama hajaiweza ya magurudumu mawili bila vile vidogo vya kusaidia, pikipiki bado.

Hatua ya 2: Amua "pamoja" maana yake nini kwenu. Iko namna mbili zinazokubalika. Ya kwanza, mtoto na mashine yake, mzazi na yake au kwa miguu. Ya pili, mtoto abiria ndani ya bagi, yaani kile kigari cha wazi chenye viti viwili ubavu kwa ubavu, mikanda, na vyuma vya kukinga kichwa. Kwenye bagi sharti ni moja: akiegemea kiti mgongo mzima, nyayo zikanyage sakafu bapa, na mkono ufike kwenye kishikio. Miguu ikining'inia hapandi, hata akilia.

Namna ya tatu ndiyo mnayoipenda: mtoto mbele ya baba juu ya kwodi, yaani ile pikipiki ya magurudumu manne. Kile kiti kirefu cha kwodi si cha abiria. Ni cha dereva kusogeza mwili wake mbele, nyuma na pembeni, kwa sababu uzito wake ndio unaoizuia kwodi isipinduke. Ukimweka mtoto hapo umejifunga mwenyewe. Zipo kwodi zilizoundwa kwa watu wawili, lakini hata hizo waliozitengeneza huandika abiria asiwe chini ya miaka 12.

Hatua ya 3: Tafuta uwanja kabla ya mashine. Barabarani hapana: Kenya leseni ya pikipiki, hata ile ndogo kabisa, haipewi aliye chini ya miaka 16. Ufuoni pia hapana. Kuna watu, ngamia, kasa wanaotaga, na chumvi itakayoila mashine yako. Tafuta shamba la mtu kwa ruhusa yake, kuelekea Mazeras, Kwale au juu ya Mtwapa. Timbo lililoachwa ni zuri likiwa na sakafu tambarare, ila lizunguke lote kwa miguu kwanza, maana mawe ya matumbawe yanakata tairi na magoti bila ubaguzi.

Hatua ya 4: Pima mwili, achana na umri. Hapa ndipo pesa za wengi zinapoteketea, zangu zikiwemo. Kila mzazi hujiambia achukue kubwa kidogo, mtoto ataikulia. Viatu vya shule hununuliwa hivyo. Mashine hainunuliwi hivyo. Mtoto asiyefika chini hajifunzi kuendesha, anajifunza kuogopa kusimama. Ikiwa inakwenda, yuko sawa. Shida ni anapofunga breki: mashine inalala upande, hana mguu wa kuizuia, inamlalia. Siku chache baadaye kila mkitaka kutoka utasikia tumbo linamuuma.

Msimamishe ukutani bila viatu. Mpe kitabu chenye jalada gumu akibane katikati ya mapaja, juu kabisa, kisha pima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Namba hiyo ilinganishe na kimo cha kiti. Kwa pikipiki za watoto, Yamaha PW50 kiti kiko sentimita 47.5 kutoka chini. Honda CRF50F ni 54.8 na Yamaha TT-R50E ni 55.5. Ukipanda daraja, Honda CRF110F ni 65.8, na TT-R110E ni 67. Mguu uwe sawa na kiti au uzidi, ili nyayo zote mbili zikanyage bapa. Aliyezoea anaweza kugusa kwa vidole tu. Anayeanza, asijaribu.

Halafu uzito. PW50 yenye mafuta ni kama kilo 41, CRF50F kama 50, CRF110F inakaribia 77. Mtoto wa kilo 20 hawezi kuinua hata hiyo ya kwanza. Wa kuinua ni wewe, kwa hivyo uwe karibu.

Angalia na vidole. Akishika usukani, viwili vifike kwenye breki na kuivuta mpaka mwisho bila kuachia mshiko.

Kwodi ina kipimo chake. Asimame juu ya vikanyagio: kati yake na kiti pabaki sentimita 8 hadi 15. Kisha akate usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia. Akilazimika kujinyoosha mpaka kiwiko kinyooke, ni kubwa. Na ile hadithi kwamba kwodi haianguki kwa sababu ina magurudumu manne, iacheni. Inapinduka, na ikipinduka ni nzito kuliko pikipiki yoyote niliyoitaja kwenye 50cc.

TAHADHARI. Usikubali fundi akate sponji ya kiti "kuishusha": utapata sentimita mbili na mtoto atakalia chuma. Usiamini "hii ni ya miaka 4 mpaka 12", hakuna kiumbe mwenye mguu wa miaka yote hiyo. Na usimpime kwa macho dukani huku muuzaji ameishikilia mashine kwa nyuma. Mwambie aachie, ushike wewe.

Hatua ya 5: Nguvu izuilike. PW50 na CRF50F zote zina skrubu ya kubana eksileta; anzia imebanwa karibu yote, ufungue kidogo kidogo. PW50 haina gia za kubadilisha, na breki zote mbili ziko mkononi kama baisikeli. CRF50F ina gia tatu bila klachi, na breki ya nyuma iko mguuni. Kwa mtoto aliyetoka kwenye baisikeli moja kwa moja, ya kwanza ni rahisi. Kwa kwodi, tafuta kibandiko cha rika. Kwa viwango vya Marekani, yenye Y-6+ (ya kuanzia miaka 6) haipiti kilomita 24 kwa saa, na ikibanwa 16. Weka pia kamba ya kuzimia injini, kwenye mashine yoyote.

Na mjue hili kabla ya kutoa pesa: chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinasema aliye chini ya miaka 16 asiendeshe kwodi kabisa. Mimi wangu wako kwenye pikipiki ndogo, na hiyo ni sababu mojawapo.

Hatua ya 6: Ukinunua kuukuu, iguse injini kwanza. Kama ni moto kabla hujafika, muuzaji anakuficha jinsi inavyowaka ikiwa baridi. Tikisa magurudumu kusikiliza beringi, pitisha kidole chini ya fremu kutafuta kutu na welding ya juzi.

Hatua ya 7: Mavazi. Helmeti ya uso mzima, saizi ya mtoto. Ile ya bodaboda haimo kwenye mazungumzo haya. Glavu, buti za kupita kifundo, suruali ndefu.

Hatua ya 8: Siku ya kwanza iwe asubuhi, kabla jua halijapanda, na aanze na breki. Asukume mashine imezimwa, afunge, asukume, afunge. Injini baadaye.

Maswali chini.

---

Baba Shani: Somo zuri shekhe. Mimi wangu ana miaka 5, nimepata kwodi ya 110cc bei poa Changamwe. Nichukue?

Mwandishi: Hatua ya 4, hatua ya 5.

Baba Shani: Nimesoma, lakini jamaa anasema inabanwa.

Mwandishi: Kasi inabanwa. Uzito haubanwi. Usichukue.

Nahodha wa Jomvu: Mnatutisha bure. Sisi tulibebwa juu ya tangi la pikipiki na mababa zetu kutoka Jomvu mpaka Kongowea, na tuko hai.

Mwandishi: Alhamdulillahi uko hai. Waliobebwa wasirudi hawapo hapa kuandika. Sikukataza mtu, nimeeleza kile kiti ni cha kazi gani. Kama una hoja kuhusu kiti, ilete.

Mama Twaha: Samahani mwalimu, nina binti wa miaka 7, mfupi kwa rika lake, mguu sentimita 51. Baisikeli anaiweza vizuri sana ila ni mwoga wa kelele. Babake anataka CRF50F kwa sababu wanasema PW50 ataichoka upesi. Na mimi mwenyewe sijui kupanda chochote, nitamfuataje?

Mwandishi: Mamangu, wewe umeuliza. Kwa 51, PW50 inamtosha na inabaki nafasi. CRF50F imemzidi sentimita karibu nne, na kwa mwoga hizo nne ni nyingi. Kuichoka ataichoka, kweli, lakini mashine ndogo iliyochokwa unaiuza, na mtoto aliyevunjika moyo huna pa kumpeleka. Kelele: PW50 ni stroki mbili, ina mlio mkali kidogo. Mzoeshe nyumbani, iwake yenyewe huku yeye akifanya mambo yake, siku mbili tatu. Akikataa kabisa kuna za umeme zisizo na pedeli, kama Stacyc. Ile yenye rimu za inchi 12 ni ndogo kwake, aangalie ya 16. Hazina mlio.

Kumfuata: huhitaji kupanda. Miezi ya mwanzo mzazi mwenye miguu ni bora kuliko mzazi mwenye pikipiki. Eksileta ikibanwa vizuri unatembea haraka tu nyuma yake, pembeni kidogo, mkononi una ile kamba ya kuzima. Vaa raba.

Mama Twaha: Ahsante sana. Kwa hiyo kamba naishika mimi, si kumfunga yeye mkononi?

Mwandishi: Mwanzo wewe. Akishazoea, afungwe yeye kwenye mkono, akianguka inajizima. Jaribu kila siku kabla hajapanda: vuta, isipozima, hamuendi.

Kijana wa Changamwe: Mzee kuna ile ya magurudumu matatu, ya zamani, imelala yadi ya jirani. Injini nzima kabisa. Vipi?

Mwandishi: Iache ilale. Zile zilipindua watu mpaka kampuni zikakubali kuacha kuziuza Marekani mwaka 1988. Kama injini ni nzima, itoe uifungie pampu ya maji.

Mtiwi: Nyongeza kwa wenye kwodi. Msijaze upepo pale petroli stesheni kama wa gari. Nimeona mtoto anarushwarushwa kama mpira, kumbe tairi ziko 30.

Mwandishi: Haswa. Nyingi za kwodi zinataka psi (kipimo cha upepo) 3 hadi 5 tu, imeandikwa kwenye kibandiko cha mashine au kitabu chake. Nunueni geji ndogo ya kipimo cha chini, ya gari haisomi huko. Na za kushoto na kulia ziwe sawa, la sivyo inavuta upande mmoja na mtoto hajui kwa nini.

Baba Shani: Mimi huwa naosha pikipiki yangu kila Jumapili na bado inaota kutu. Za watoto si zitaisha mwaka mmoja?

Mwandishi: Unaosha kwa maji gani?

Baba Shani: Ya kisima.

Mwandishi: Kisima chenu kina chumvi?

Baba Shani: Kidogo. Tunapikia ya mitungi.

Mwandishi: Maji usiyoyapikia usioshee chuma. Unaiondolea vumbi unaipaka chumvi. Nusu mtungi wa maji matamu na sponji vinatosha mashine ndogo. Usipige kwa presha kwenye beringi na sili. Futa, iwashe dakika chache ikauke, kisha mafuta kwenye cheni. PW50 haina cheni, inazungusha kwa shafti, ndiyo maana kwa watu wa mchanga na chumvi kama sisi naipenda. Ila ina tangi lake la oili, mbali na lile la petroli. La oili likikauka injini inakufa huku petroli imejaa. Angalieni kila mnapotoka.

Nahodha wa Jomvu: Hapo kwenye maji ya kisima umenigusa. Swali la haki sasa: kuvuka na pikapu kwenda Tiwi, feri ya Likoni au barabara ya Dongo Kundu?

Mwandishi: Dongo Kundu. Mashine imefungwa kamba, mtoto ana hamu, foleni ya Likoni ya nini? Ifunge pande nne, usiifunge kwa usukani peke yake, na ufunge koki ya petroli.

Mtiwi: Mkija Tiwi pitieni barabara ya juu, ya chini ina mchanga mwingi siku hizi. Halafu nani anajua buti za watoto zinapatikana wapi? Wa kwangu anavaa 33, Mwembe Tayari nimekosa.

Mwandishi: Za wangu 33 zimembana, bizimu moja ilikatika nimeiweka mpya. Niandikie pembeni, ukija mjini uzichukue. Usilete pesa, lete madafu.

Mama Twaha: Akizimaliza wa Mtiwi, naomba niwekwe kwenye foleni. Binti ni 31.